Ndago za Ukingoni

Kwao Tukuyu, mwanamke mvivu hajulikani kwa usingizi, hujulikana kwa ndago shambani mwake. Atupele alifunzwa na mama yake kuzichukia hata kabla hajajua kuzitaja, yale majani ya bua la pembe tatu ambayo ukiyang'oa leo, kesho yako palepale.

Basi alipojiunga na kundi la bustani kando ya kijito kimoja cha Sydenham, Durban, mama wa miaka hamsini na miwili anayefanya usafi katika nyumba za Westville, aliingia na jembe lake na majivuno yake. Kundi lilikuwa limeshatoa magodoro na matairi majini, likalima matuta ya spinachi juu ya ukingo. Kiongozi wao, MaNgubane, alikuwa mwalimu mstaafu, Mzulu mpole asiyependa mzaha kazini.

Jumamosi moja Atupele aliwatangulia wenzake. Chini ya matuta, kwenye tope, akaziona ndago, mistari kwa mistari. Mtu mwingine angejiuliza tangu lini magugu yakajipanga. Yeye hakujiuliza. Aling'oa mpaka kiuno kikamkatika, akazitupa majini, akarudi nyumbani kuoga na kungoja sifa.

Alasiri aliporudi alimkuta MaNgubane ameketi kwenye tope. Miche mia tatu ya ndago za ukingoni aliyoiotesha mwaka mzima katika vikopo vya yogati barazani kwake haikuwepo. Ilipandwa Jumatano, Atupele akiwa kazini, ili ichuje maji machafu na kushika udongo, mafuriko yasije yakazoa matuta ya familia kumi na nne.

Angesema hapohapo, yangekwisha. Lakini mtu mmoja akadai ni yule anayelala chini ya daraja, maana huwa anakata majani ya kutandika. Wote wakaitikia. Atupele akanyamaza, na Mungu amsamehe, akahisi nafuu.

Wakamwita mtu huyo, Boniface, Mkongomani mwenye mvi, asiyejua Kizulu wala Kiingereza cha kutosha.

"Mama Atupele, tutafsirie," alisema MaNgubane.

Akatafsiri. Alimuuliza mtu mzima, kwa Kiswahili safi, kwa nini ameiba mimea ambayo tope lake lilikuwa bado kwenye kucha zake yeye Atupele.

"Mama, miye sikugusa kitu huku," alisema Boniface. "Majani ya kulalia iko kule juu, karibu na robot, ile taa ya magari. Nakatia kule. Hata asubuhi sikukuwa hapa, nilienda kanisani kufagia. Uwaambie muzuri, mama."

Atupele akawageukia wenzake. "Anakataa," akasema.

Boniface alijua maneno yake yalikuwa mengi kuliko hilo. Alimtazama kidogo, akakunja blanketi lake, akaondoka.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo Atupele alimwendea MaNgubane akamwambia yote, bila kujitetea. Alitamani atukanwe.

"Eish," alisema MaNgubane. "Mimea tutaotesha tena. Lakini Boniface tutampata wapi?"

Hawakumpata. Sasa ndago mpya zimeshika ukingo, nusu yazo kapanda Atupele. Kila Mkongomani anayekutana naye humuulizia Boniface. Wengine humuuliza alimfanyia nini mtu huyo hata amtafute hivyo.

"Alinipa maneno yake niyafikishe," hujibu, macho chini, "nikayafupisha."