Sufuria ya Maji Kwenye Kiti cha Baba

Baba alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa: kufika kwao Butiama akiwa amekaa kiti cha mbele cha gari lake. Ugonjwa ulikuwa umemla mifupa ya kiuno, na gari jingine lolote lilimtesa. Lake lilikuwa refu, jeusi, lenye viti vya ngozi na springi laini, gari la wakubwa wa zamani alilolinunua kwa kuuza ng'ombe kabla sijazaliwa. Lilikuwa limelala nyumbani kwetu Kigera miaka mingi, kuku wakitagia chini yake.

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Hata chumvi ya mboga naonja mara tatu. Siku fundi alipoliwasha, mama akapiga vigelegele, mimi nikasema bado. Likichemka njiani juani, na mgonjwa yumo ndani, nani atajibu?

Jaribio la kwanza tulikwenda Kiabakari, mimi kwenye usukani, fundi kando yangu, magunia mawili ya mahindi nyuma badala ya watu. Likachemka. Fundi akabadilisha rejeta. La pili tulifika Bunda, tukazima na kuwasha mara kumi karibu na soko, mpaka vijana wa bodaboda wakatucheka kwamba tunaringia mzoga. Mshale wa joto haukupanda.

"Dada, gari limepona," fundi akasema. "Mchukue mzee."

Nikakataa. Sikuwa nimepima mtikisiko.

Wiki iliyofuata, asubuhi, fundi alikaa nyuma, nami nikaweka sufuria ya maji kwenye kiti cha baba. Baba alikuwa amekwisha kuvaa koti na kofia, amekaa barazani akinitazama.

"Mama," akaniita, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "siku zote unabebaga mahindi, leo unabeba maji. Mimi unanibeba lini?"

"Kesho, baba. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo." Akacheka kidogo. "Ng'ombe wa plau tulikuwaga tunamjaribia shambani kwenyewe, huku tunalima."

Nikamfunga kifungo cha juu cha koti, nikaondoka.

Tulifika mpaka uani kwao, Butiama. Maji hayakumwagika hata tone. Shangazi, dada yake baba, alitoka mbio akafungua mlango wa mbele, akaikuta sufuria.

"Yuko wapi?"

"Kesho, shangazi. Leo tunajaribu gari."

Aliufunga mlango polepole.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na furaha ya kijinga. Tulipokata kona ya nyumbani nikaanza kupiga honi, ndefu, ili baba ajue limefaulu. Nilikuwa bado napiga nilipomwona mama amekaa chini getini, kichwa wazi. Fundi ndiye aliyeuondoa mkono wangu kwenye honi.

Baba alikuwa bado kwenye kiti chake barazani. Vifungo vyote vimefungwa.

Jeneza halikuenea kwenye gari lake. Lilipakiwa kwenye pikapu ya kukodi, ngumu, na kila ilipoingia shimoni niliona linavyorushwa, nami nikabana meno kama vile kiuno ni changu. Nilikuwa nyuma yake na lile gari jeusi, kiti cha mbele kitupu. Mshale ulitulia mahali pake mpaka tukafika. Nilitamani lichemke. Nilitamani lizimike Kiabakari, watu wote waone kwamba nilikuwa na haki ya kuogopa.

Waombolezaji waliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Sawa. Yangu ilikuwa nayo.

Nilipozima injini uani, shangazi alikuja akafungua tena mlango wa mbele. Safari hiyo hakuniuliza kitu.