Mashine Inayojizima

Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali, shingo inaingia kwa mabega kama ya kobe na darasa zima linacheka. Lakini nyumbani kwetu Kitengela, kila Jumamosi asubuhi, nilikuwa naongea na Baba. Sababu ilikuwa pampu mbovu.

Tuko na mkokoteni wa kubebea mitungi ya maji. Miiba ya huku haihurumii tairi, kwa hivyo kabla ya kutoka lazima ziongezwe upepo. Ile pampu yetu ya mkono ilishavunjika kibano cha kushika valvu, basi Baba alikuwa anapampu na mimi nimechuchumaa, nimebana mpira wa pampu kwa vidole usiruke. Sote tunaangalia tairi. Hakuna anayemwangalia mwenzake usoni, na hapo ndipo maneno yalikuwa yananitoka. Nilimwambia vile kemia imenishinda. Nilimwambia kuna msichana ananiita bubu. Baba akajibu vipande vipande, kati ya pumzi na pumzi: "Bubu... ndiye... hujua siri za watu."

Kwa hivyo aliposema muhula ujao nitahamia shule ya bweni Kajiado, "ukazoee watu," sikubisha hapo mezani. Nilijiambia, ngoja Jumamosi. Kwa tairi nitamwambia sitaki.

Lakini bega lake lilikuwa linamuuma siku hizo, na Ijumaa Mama akachoka kumsikia akigumia. "Wewe mzee, utavunjika mkono ukitafuta upepo, na upepo umejaa huko nje bure?"

Asubuhi yake tukaenda dukani, Baba na mimi. Muuzaji, kijana wa Kimaasai mwenye utani, alitusalimia "Sopa!" na kutuwekea mashine mbili za upepo kwa kaunta. Moja ilikuwa ya waya, unaibana kwa betri ya pikipiki, halafu unasimama hapo ukiangalia mshale ndio uizime mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya kuchaji, ndogo kama chupa ya maji. Unaiambia unataka upepo kiasi gani, ikifika inajizima. Akasema inajaza mpira wa kuchezea, inajaza baiskeli, hata inapuliza vumbi kwa cherehani.

Baba alizigeuzageuza, akanitazama. "Msomi ni wewe. Tuchukue gani?"

"Hiyo ya kujizima."

"Kwa nini?"

"Hutahitaji mtu wa kukushikia."

Muuzaji akapiga makofi. "Kumbe huyu ana sauti! Mzee, lipa haraka kabla chaji yake haijaisha!"

Baba alicheka sana. Mimi nilitembea hadi nyumbani nikijiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimefikiria bega lake tu.

Tulipofika alifunga mpira kwa valvu na kubonyeza. Mashine ikanguruma mpaka kuku wakakimbia. Nikachuchumaa pale pangu, kwa mazoea.

"Toka hapo, mama, utachafua sketi. Haitaki mtu."

Nikasimama. "Baba..."

"Unasema?" Alikuwa anapiga kelele juu ya ile kelele.

"Hakuna kitu."

Ikajizima. Baba akazungusha bega lake polepole, akatabasamu kama mtu ameshushwa mzigo. "Umenichagulia vizuri." Sasa baada ya hapo ungesema nini? Jumamosi zilizobaki zikawa hivyo hivyo: ngurumo, kimya, twende tukachote maji. Jumamosi ya mwisho tulifunga sanduku langu.

Naandika haya nikiwa kitandani, bwenini Kajiado. Jumapili Baba alipiga kwa simu ya matroni.

"Ile mashine yako imekataa kuchaji," akasema. "Nimerudi kwa pampu ya zamani. Mama yako ndiye anashika mpira, lakini anashika akilalamika."

Nilicheka. Yeye pia alicheka. Nilimsikia akipumua, vile alikuwa anapumua akipampu.

"Kama ungekuwa hapa umeshika," akasema, "saa hii ungekuwa unaniambia nini?"

Matroni alikuwa amesimama mbele yangu, ananitazama usoni, mkono ameshaunyoosha apokee simu yake.

"Kwamba chakula si kibaya," nikasema.