Vitabu Visivyogongwa Muhuri

Mwanvita alianza kazi katika maktaba ndogo ya umma pale Mwembesongo akiwa na miaka ishirini na tisa. Sasa ana hamsini na sita, na kanuni aliyofundishwa siku ya kwanza hajaivunja: muhuri wa tarehe hugongwa kwenye kitabu kinachotoka nje tu. Kinachosomewa ndani hakigongwi.

Siku hizi wengi hawafuati vitabu. Wanafunzi huja na madaftari yao na kugombea meza iliyo karibu na soketi, wachaji simu. Wengine huomba wasaidiwe kutuma maombi ya kazi mtandaoni. Mwanvita huwasaidia wote.

Mzee Halidi, mkulima wa Kinole, kule milimani, ni msomaji wa zamani. Kila Alhamisi, akishaacha ndizi zake sokoni, huja kusoma kitabu kile kile cha viungo, sura ya pilipili manga. Kuazima hawezi, kwa sababu hutakiwa mdhamini mwajiriwa wa hapa mjini, naye hana. Wenzake wa milimani ni hivyo hivyo. Rafu mbili za kilimo zimechakaa kwa vidole vyao.

Mwezi wa sita ikaja barua kutoka kwa wakubwa. Nafasi ilihitajika kwa ajili ya kompyuta, na kila kitabu ambacho hakikugongwa muhuri kwa miaka mitano kiondolewe. Mwanvita akafungua vitabu vya kilimo kimoja kimoja. Karatasi za tarehe zilizobandikwa ndani zilikuwa tupu.

Christina, msaidizi wake, aliziona.

“Mama, muhuri si huo hapo? Rudisha tarehe nyuma, gonga. Nani atajua?”

“Nitajua mimi.”

“Haya. Mzee Halidi akija, umsomee huo ukweli wako.”

Mwanvita akaandika barua kueleza kwamba vitabu vile husomewa ndani. Wakubwa wakampigia simu kutaka idadi ya wasomaji. Akasema hana. Kwa miaka ishirini na saba hakuagizwa kuwaandika, naye hakujituma. Kukataa kudanganya ni wajibu, na aliutimiza. Lakini kuwaandika watu unaowahudumia nako ni wajibu, hata kama hakuna aliyekuagiza.

Jumatano vitabu vilifungwa kwenye maboksi, gari likavichukua. Mwanvita alisaini, akala chakula chake cha mchana, akafagia mahali zilipokuwa rafu.

Alhamisi Mzee Halidi akaja. Mwanvita akamwamkia shikamoo, kisha akamweleza yote, na lile la kutowaandika pia. Mzee aliutazama ukuta, ambako fundi alikuwa akipitisha nyaya, akauliza kama hizo kompyuta zitakuwa na sura ya pilipili manga. Mwanvita akajibu kwamba hajui.

“Basi nitakaa kidogo,” alisema mzee. “Gari la Kinole ni saa nane.”

Akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, mikono juu ya meza. Mwanvita akatoa daftari jipya. Akaandika tarehe, jina la mzee, na kitabu alichokuja kukisoma.