Barabara Ukutani

Ghala lenyewe lilijengwa kwa ajili ya magome ya miwati yaliyotumika kutengenezea ngozi. Magome yalipohamishiwa kiwandani harufu yake ilibaki kwenye mbao, kali, ya kukausha ulimi, na kila aliyeingia alipiga chafya kabla ya kusalimia. Fundi mkuu wa mitambo wa shamba letu, Mwingereza mzee asiye na mke, aliliomba likiwa tupu akaanza kulijaza vitu. Alileta roda na kamba za mashine iliyovunjika. Akaleta sumaku kubwa kama ukwato wa ng'ombe, na kisanduku chenye mkono wa kuzungusha, ambacho kilitoa umeme wa kumtetemesha mtu bila kumuumiza. Mlangoni akaandika neno moja kwa rangi nyeupe: GUSA.

Nadhani neno hilo ndilo lililowavuta watu. Mabango mengine yote tuliyoyajua, ya bomani na ya malango ya mashamba, yalikuwa yakitukataza kitu.

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Nilichunga mbuzi wa mjomba huko Mawengi, nikapakia magunia Makambako, na kila mahali nilikaa mpaka nilipojua kazi inavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuwasha. Njombe nilikosea. Niliweka saini vipande sita. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Siku uliyofanya kazi karani alitia alama chumba kimoja, na mpaka vyumba vyote vijae, wewe ni wa shamba. Ukiondoka kabla, wewe ni mtoro, na mtoro hakuna aliyemwajiri.

Siku moja fundi alinikuta nimefungua kipimo cha mvuke nione kinachosukuma mshale. Hakunipeleka kwa karani. Aliniuliza ndani nimeona nini, nikamwambia. Kesho yake nilihamishiwa ghalani, niwaeleze wageni kwa Kibena na Kiswahili. Wenzangu waliokuwa wakibandua magome walisema nimepata ufalme. Mwezi wa kwanza niliamini.

Watu walikuja, hasa Jumamosi wakitoka sokoni. Mama mmoja wa kijiji cha Yakobi alimketisha mumewe kwenye kiti cha roda, akavuta kamba kwa mkono mmoja, mume akapaa.

"Kumbe u mwepesi hivi!" mama akamwambia. "Nyumbani unajifanya gunia la viazi!"

"Nishushe, mama watoto, watu wanatazama."

"Ndiyo maana nakupandisha."

Kwa kisanduku cha umeme watu walishikana mikono kwa duara. Mzee mmoja wa kanisa la Kilutheri alijikuta ameshika mkono wa katekista wa Kikatoliki, akasita. Nikazungusha, wote wakaruka pamoja. "Haya," akasema katekista, "umeme haukuuliza tumebatizwa wapi."

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa chumba cha giza mwishoni mwa ghala. Fundi alitoboa tundu ukutani, upande wa bonde, akapachika kioo cha darubini. Ukifunga mlango na kungoja macho yazoee, bonde lote lilitokea kwenye ukuta wa pili uliopakwa chokaa: mito, mashamba ya mahindi, nyumba, na ng'ambo ya bonde barabara ya Makambako. Vyote vilikuwa juu chini. Moshi wa nyumba ulidondoka kama maji. Na kwa kuwa mwanga hupishana ndani ya tundu, kilichokwenda kaskazini kule nje, ukutani kilikwenda kusini.

Mwezi wa pili nilianza kukichukia chumba kile. Siku nzima nilisimama gizani nikionyesha wengine barabara ambayo mimi sikuruhusiwa kuikanyaga. Malori yalipita ukubwa wa mbegu ya boga, nami niliyajua kwa mwendo wake.

Kisha ukaja msimu wa baridi, na ukungu wa Njombe ukalala bondeni. Ukutani hapakuwa na kitu, weupe mtupu. Wageni hawakuja. Karani alipita saa kumi jioni kama kawaida, akachungulia, akarudisha kalamu mfukoni.

"Nimefagia, nimepaka roda mafuta," nikamwambia.

"Umeonyesha nini?"

"Ukungu."

"Ukungu watu wanao nyumbani kwao, bwana mdogo. Siku ya ukungu si siku."

Basi siku zangu zikaanza kutegemea hewa. Nikawa naamka alfajiri kutazama bonde kama mfungwa anayetazama dirisha.

Dereva mmoja wa lori niliyemfahamu tangu siku za magunia alinikuta sokoni. Utingo wake alikuwa ameugua, naye alitaka mtu wa safari za Makambako, Iringa na mbele zaidi. "Alhamisi ijayo napita saa nane mchana," alisema. "Nitasimama njia panda ya ng'ambo, sigara moja tu. Njoo na kadi iliyojaa. Mtoro simpakii, sitaki kesi." Nilihesabu: Jumatano kadi ya mwisho ingejaa.

Jumatatu ukungu haukuondoka. Alhamisi ilinikuta na chumba kimoja kitupu.

Asubuhi hiyo kulikucha kweupe, jua la kuumiza macho, kana kwamba bonde linanicheka. Wageni walijaa. Alikuwemo bibi mmoja aliyekuja kila wiki kuitazama nyumba yake ukutani. Mara nyingi aliniletea viazi vya kuchemsha, na habari ya lori nilikuwa nimempa. Karibu na saa nane niliwaingiza watu kumi chumba cha giza, yeye akiwemo, nikafunga mlango. Mara nikaliona. Lile lenye turubai lililochanika pembeni. Lilikuja likining'inia barabarani, likasimama njia panda. Kitu kidogo kama sisimizi kikashuka, kikaegemea gurudumu.

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Nikifungua, mwanga ungeingia na picha ingefutika, na karani angekuta mlango wazi na mimi sipo. Na hata kama ningevuka bonde kabla sigara haijaisha, ningefika na kadi yenye tundu. Niliyajua yote hayo, na bado mkono haukutoka.

"Ndilo?" bibi akanong'ona.

"Ndilo."

Honi ikasikika, mbali, ya kweli, kutoka nje. Ikapigwa tena. Yule sisimizi akapanda. Bibi akasogea ukutani akaweka kiganja juu ya lori.

"Nimekushikia, mjukuu wangu! Kimbia!"

Watu wakacheka. Lori likapanda juu ya mgongo wa mkono wake, likapita kwenye vidole, likatoka upande wa pili. Alilitazama linavyokwenda, kusini, upande wa Njombe.

"Mbona linarudi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Angalia, linarudi mjini kukufuata."

Wote wakanigeukia, wakingoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kueleza.

"Hapana, bibi," nikasema. "Ukutani kila kitu huenda kinyume. Hilo linaondoka."

Saa kumi karani alikuja, akachungulia bonde, akatia alama chumba cha thelathini.