Mashati ya Askari wa Gavana

Verbena Tolliver alikuwa dobi. Miaka kumi na tisa alifua na kupiga pasi nguo za Wazungu wa Harlow Creek, Alabama, na kwa jinsi alivyozoea mvuke wa pasi, kuna siku alihisi dunia nzima inaelea.

Jumatatu moja ya Septemba 1963 alimsindikiza bintiye Ardelia kwenye sekondari ya Wazungu, maana mahakama ya serikali kuu ilikuwa imewafungulia weusi mlango. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Askari wa akiba wa jimbo wakachomoza ndani yake polepole, kama watu wa ndotoni, wakaziba njia. Mashati yao aliyatambua. Aliyatia wanga mwenyewe Ijumaa. Mmoja wao alikuwa Hollis Pruitt, muuza mbegu.

"Rudi nyumbani, Verbena. Gavana kakataa."

"Mahakama imekubali, Bwana Hollis."

"Mahakama iko mbali. Gavana yuko hapa."

Mama na binti wakarudi nyumbani. Kesho yake redio ikatangaza kwamba rais amewatwaa askari wale wale mikononi mwa gavana. Sasa ni wa rais.

Ardelia akaangua kicheko. "Kwa hiyo, Mama, mashati ni yale yale, ila bosi kabadilika?"

"Cheka tu. Kesho ndiyo tutajua."

Jumatano ukungu ulikuwepo tena. Safari hii askari waliwakabili Wazungu waliokuwa wakizomea. Hollis akajisogeza pembeni, macho chini.

"Piteni."

"Na moyo wako, Bwana Hollis, nao umepata amri?"

"Usiniulize hayo. Mama yangu yuko kule wanakozomea."

Verbena akamhurumia, na huruma ile ikamshangaza mwenyewe. Kwenye ngazi za shule akauachia mkono wa bintiye. Kelele zikamfikia kwa mbali, kama yuko chini ya maji.

Njiani kurudi akapitia kwa Bibi Crenshaw, mke wa kapteni wa askari wale, akamkabidhi kapu la nguo.

"Tafuta dobi mwingine, Bibi Crenshaw."

"Unaacha leo, na askari wamemlinda mwanao?"

"Leo, ndiyo. Juzi je?"

Akaenda zake, akajitupa kitandani mchana kweupe, akalala fofofo. Ardelia ndiye aliyemwamsha.

"Hakuna aliyekaa karibu nami, Mama. Lakini mwalimu wa hesabu kaniita kwa jina."

"Kalitamka vizuri?"

"Kakosea. Nikamsahihisha."