Msalaba Ndani ya Kola

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani wa kanisa, na yeye na ubishi walikuwa chanda na pete. Ukimwambia kitambaa ni cha kijani, atakuuliza macho yako yameingia mchanga? Lakini moyo alikuwa nao. Tangu makanisa ya ng'ambo ya mpaka yaanze kuchomwa na waumini kukimbilia mafichoni, aliacha kushona nguo za harusi na sare za shule. Alishona za wakimbizi tu, na kila baada ya wiki mbili dereva wa lori aliyaficha marobota yake chini ya magunia ya chumvi, akayapeleka.

Huko mafichoni alikuwemo mdogo wake wa pekee, pamoja na wanawe wawili.

Ndani ya kila kola Mama Pindo alitia msalaba wa uzi mweupe, usiozidi ukucha. Ni ulinzi, alisema. Mdogo wake alimwandikia kikaratasi: "Dada, tunashukuru sana. Ila nguo zisiwe na alama yoyote." Mama Pindo akasonya. "Huyu naye! Ameanza kumwonea Mungu aibu?" Akaendelea kutia misalaba. Loo, mwanamke yule!

Siku aliyotakiwa mdogo mtu kuvuka mpaka kwa lori hilo ikafika. Lori likarudi bila yeye.

"Pole, mama," dereva alisema mlangoni, kofia mkononi. "Wamekamatwa kwenye kizuizi, yeye na watoto. Wamewaua."

"Waliwajuaje?"

"Lafudhi," dereva akajibu, akiangalia viatu vyake.

Mama Pindo akakaa palepale kizingitini. Wiki nzima chai ilipoa mezani hajaigusa. Kisha akarudi kwenye cherehani, kwa maana angefanya nini kingine? Siku ya kupakia, dereva alimkuta na magauni arobaini, anatia msalaba kwenye kola ya mwisho.

"Wangu sikuwaokoa," alisema. "Labda haya yatawalinda wa wenzangu."

Dereva akamshika mkono wenye sindano.

"Acha, mama. Nilikudanganya. Haikuwa lafudhi. Alijibu maswali yote, walishamwambia apite. Ndipo mmoja akageuza kola ya mtoto."

Mama Pindo alimtazama kama hamjui.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza mwenyewe. Walipomvuta kando alipita karibu nami, akaninong'oneza: dada asijue."

Ee Mungu wangu! Bora angemtukana, bora angemlaani, angalau angepata la kujibu. Mama Pindo alichukua wembe akaanza kufumua. Uzi ulitoka wote. Lakini alipoinua kola ya kwanza dirishani, matundu ya sindano yalikuwa palepale, na msalaba ulionekana vilevile. Akapiga pasi ya moto. Wapi! Basi akachukua mkasi, akakata kola zote arobaini, moja baada ya nyingine. Magauni yakapakiwa hivyo hivyo, shingo zikining'inia nyuzi.

Lori lilipoondoka alikuwa bado sakafuni, rundo la kola mapajani, akizipapasa.

"Nimejua, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Nimejua."