Baba Mkwe na Tela la Huadu

Baba mkwe wangu alikuja Guangzhou mara moja tu, na hakuja kununua mikoba wala simu. Alikuja kuangalia tela.

Maisha yake yote alikuwa dereva wa malori: Dar mpaka Tunduma, Tunduma mpaka Lubumbashi, na kurudi. Alipostaafu alinunua pikapu ya milango minne, akaanza kumwambia mama mkwe kwamba sasa atampeleka akaone kila mahali alikokuwa akimsimulia kwenye simu miaka yote ile. Mama mkwe hapendi nyumba za kulala wageni. Anasema mashuka yake hayajulikani yalilaliwa na nani. Basi wakaamua watafute tela lenye kitanda, jiko na choo, walivute wenyewe. Kuna mtu alimwonyesha baba picha. Halikuwa lile tela dogo linaloshikwa nyuma kwenye bampa. Lilikuwa lile lenye shingo, ambayo hupanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa kwenye kiti cha chuma, kama semi inavyokaa juu ya kichwa cha lori.

"Hili nalijua," aliniambia kwenye simu. "Hili ni semi ya wazee."

Mimi naishi Xiaobei, hapo hapo Guangzhou, kazi yangu kununua mikoba na kuisafirisha; mume wangu yuko Kariakoo, anaipokea na kuiuza. Kichina changu ni cha sokoni. Najua bei, rangi, vipimo, na namna ya kukataa bila kumuudhi mtu. Kwa hiyo baba alipokuja, mkalimani nilikuwa mimi.

Alikaa kwangu siku tisa. Asubuhi alishuka mtaa wa Dengfeng mikono ikiwa nyuma, akimwamkia kila anayemwona, hata Wachina wafagiaji, na wao wakamwitikia kwa lugha yao. Kufikia siku ya tatu, Wakenya wa vibanda vya simu walishamwita Mzee wa Lori. Mimi nilikuwa nimemzoea tangu niolewe, lakini kumzoea mkwe si sawa na kumwambia lolote. Mbele yake sauti yangu hushuka yenyewe. Nikitaka kumpinga, nazunguka mbali kwanza, mwisho nasahau nilikuwa naelekea wapi.

Siku ya nne tulikodi gari mpaka Huadu. Kiwanda cha matela kilikuwa mbele kidogo ya Shiling, mji wa ngozi ninaokwenda kila wiki, lakini njia ile ya pembeni sikuwahi kuipita. Ulikuwa uwanja mpana wa zege, matela meupe yamepangwa pembeni, mengine bado mifupa ya chuma. Muuzaji alikuja mbio na chupa za maji. Alikuwa kijana mchangamfu, shati limechomekwa, na kila tulichouliza alijibu kwamba hakuna shida.

Nyuma yake alikuja mwanamke wa makamo, barakoa ya kuchomelea imepandishwa juu ya kichwa. Ndiye aliyekuwa fundi wa viungio, yaani sehemu inayoshikanisha tela na gari. Hakutabasamu. Aliuliza swali moja: pikapu ya mzee ina bodi ndefu au fupi?

Baba alitoa simu akamwonyesha picha. Dabo kebini, bodi fupi. Kiwandani hapo kulikuwa na pikapu ya namna hiyo hiyo, ila usukani wake kushoto. Fundi aliangalia picha, akavuta utepe wa kupimia kutoka mfukoni, akatupeleka kwenye ile pikapu. Alipima kutoka kiti cha chuma mpaka ukuta wa nyuma wa kebini: sentimita tisini na kitu. Kisha akapima upana wa pua ya tela kuanzia kwenye pini yake ya katikati hadi pembeni: mia ishirini. Akanionyesha vidole vyake viwili juu ya namba hizo, halafu akasema neno nililolijua vizuri sana kutoka sokoni. Bu xing. Haiwezekani. Akaongeza maneno mengine, na niliyaelewa yote. Alisema ukikata kona kali, pembe ya tela itaingia kwenye dirisha, na kwamba mtu aliyeendesha malori ndiye atakayeligonga haraka zaidi, kwa sababu atajiamini.

Baba alinigeukia. "Anasemaje?"

Nilimtazama. Amevaa kofia yake ya safari na viatu alivyovipiga rangi usiku wa kuamkia siku ile.

"Anasema tuwe waangalifu kidogo kwenye kona," nikasema.

"Mwambie nimevuta semi miaka thelathini."

Nikamgeukia fundi nikamwambia mzee anashukuru kwa ushauri. Fundi alinitazama sana. Nafikiri alijua.

Muuzaji alisema hakuna shida, tujaribu hapo hapo uwanjani. Wakaliinua tela kwa miguu yake ya chuma, baba akarudi nyuma na pikapu taratibu mpaka pini ikaingia kwenye kiti kwa mlio mmoja mzito. Alishuka, akainama, akachungulia, akatikisa nyororo, akaangalia waya za taa. Mikono yake ilikuwa inajua kila kitu. Niliona fahari kusimama karibu naye. Nikapanda upande wa abiria.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa laini. Tela lilitufuata bila kelele. Wa pili vilevile. Baba alianza kuimba chinichini, jambo ambalo sijawahi kumsikia akifanya. Kisha akasema atalirudisha kinyumenyume kwenye nafasi iliyokuwa kati ya matela mawili, aone linavyotii.

Usukani ulikuwa kushoto, na yeye maisha yake yote amekaa kulia. Alikuwa akitazama kioo cha upande wake. Mimi nilitazama changu. Niliona ukuta mweupe wa tela ukiacha kuwa nyuma yetu na kuanza kuwa pembeni yetu. Ukaja, ukaja, na ile pembe ya juu ikatoka kwenye kioo ikawa nje ya dirisha la nyuma, upande wangu. Fundi alipiga kelele. Nami nilikuwa bado natafuta namna ya kusema. Kweli kabisa, nilikuwa napanga sentensi inayoanza na "Samahani Baba." Nilipoiacha na kupiga ukelele wa "Simama!" bila Baba wala samahani, tulikuwa tumeshasikia mlio.

Kioo cha nyuma kilimwagika migongoni mwetu kama chumvi ya mawe.

Baba alizima gari. Vipande vilikuwa vinaendelea kuanguka kimoja kimoja kwenye kiti.

"Umeumia?"

"Hapana, Baba. Wewe?"

"Mimi sina kitu."

Hatukuwa hata na mkwaruzo. Alishuka, akanifungulia mlango, akangoja mpaka nimekung'uta mtandio. Halafu akaenda kusimama mahali tela lilipokutana na kebini. Pembe ilikuwa imeingia kama kiganja kimoja, dirishani, kama alivyosema fundi. Muuzaji alikuwa tayari na ufagio, anasema hakuna shida.

"Mwanangu," baba akasema bila kunitazama. "Yule mama alisema nini mara ya kwanza? Neno kwa neno."

Nilihisi uso ukiwaka. "Alisema haiwezekani, Baba. Alisema pembe itaingia dirishani. Na alisema dereva wa malori ndiye atakayegonga haraka, kwa kujiamini."

"Wewe ukaniambia tuwe waangalifu kidogo."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, wala hakukasirika. Aliomba tukatafute chakula.

Barabarani kulikuwa na mgahawa wa tambi wa Waislamu, wale wanaovuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi. Tulikaa karibu na mlango. Alikula polepole, na alipomaliza akasukuma bakuli pembeni.

"Nyumbani nako ni hivyo hivyo," akasema. "Mama yako akiumwa, nasikia amechoka tu. Mume wako alipofunga duka la kwanza, niliambiwa anapumzika. Wote mnanitafsiria." Akafuta mdomo. "Nilidhani ni heshima. Nadhani ni heshima, lakini leo nimekaribia kukukata shingo nayo."

Nikamwambia kweli: mbele yake naogopa kusema lolote la kumpinga. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu zuri.

Tulirudi kiwandani. Baba alimwendea fundi moja kwa moja, akavua kofia, akasema, "Mwambie alikuwa sahihi, na mimi sikusikia. Usipunguze kitu." Nikasema. Fundi alinitazama mimi kwanza, kisha yeye, na kwa mara ya kwanza akacheka. Alisema dirisha si kitu, kuna mteja aliyekunja mlango mzima.

Akatuonyesha kiti cha aina nyingine. Kiti hicho hakikufungwa mahali pamoja. Kilikaa juu ya reli mbili fupi. Ukiwa barabarani kinakaa mbele, mzigo ukilalia ekseli. Ukitaka kukata kona kali au kurudi nyuma, unasimama, unavuta mkono wa chuma kufungua komeo, unalishika tela kwa breki zake lenyewe, kisha unasogeza gari mbele polepole. Tela linabaki lilipo, gari linatembea chini yake, na kiti kinateleza nyuma mpaka komeo lijifunge tena. Hapo pembe inapata nafasi ya kupita. Ukimaliza kona, unakirudisha kiti mbele.

Wakakifunga kwenye pikapu ile ile. Baba alirudia hatua zote kwa Kiswahili, nami nikazitia Kichina, fundi akimsahihisha. Aliposahau kuangalia kama komeo limeshika, fundi alimpiga kofi dogo mkononi na kusema, "Mzee una haraka kama kijana." Nilitafsiri. Baba alisema ni kweli. Kisha akaniambia nipande mimi, upande wa usukani.

"Mimi, Baba?"

"Ukija likizo nikaumwa njiani, nani ataendesha? Au utaniambia nimechoka tu?"

Nilivuta lile tela uwanja mzima nikitoka jasho. Nikasimama, nikatelezesha kiti, nikakata kona. Fundi alisimama upande wa abiria akiangalia pengo. Lilikuwa upana wa viganja viwili. Sikuwahi kuendesha kitu kikubwa kuliko gari dogo la mume wangu.

Jioni baba alimpigia mama mkwe simu ya video, akamweleza mwenyewe habari za kioo, hakuficha kitu. Kisha akamuuliza kama kweli anataka kwenda mpaka Tunduma. Mama mkwe akasema hapana. Akasema magoti yake hayawezi safari ya siku tatu, na kwamba alikuwa anaitikia tu kwa kuwa aliona baba anavyofurahi. Anataka kwenda Iringa, na anataka choo chenye mlango unaofungwa, si pazia.

Baba alinipa simu nizime. "Haya," akasema, "kesho tukaulize mlango."

Tela liliwafikia baada ya miezi kadhaa, na mwaka huo huo walikwenda Iringa, wakakaa wiki mbili kwenye shamba la rafiki yake. Mimi nilikuwa Shiling nachagua mikoba ya shule ujumbe wa mama mkwe ulipoingia. Alisema Iringa kuna baridi kuliko alivyosimuliwa, kwamba jiko la tela ni dogo lakini linatosha chai na maandazi, na kwamba baba yuko nje anamwelekeza mwenye shamba namna ya kuegesha trekta, na mwenye shamba anamkatalia.